Dohani ya Kileleshwa: maji yaliingia juu, wakaziba chini

Nyumba yenyewe ni ya mawe, haina ghorofa, ilijengwa Kileleshwa miaka ya 1950 na paa lake ni la vigae vya Mangalore. Sebuleni kuna meko ya ukutani. Dohani yake, ambayo mafundi wengi wa Nairobi huiita chimni, inatokea kwenye mteremko wa mashariki wa paa, mita moja hivi kutoka mgongo wa paa. Mwenye nyumba alimwita mwashi aje kupiga plasta mpya. Alikuwa na malalamiko mawili. Mvua za Aprili zikinyesha, doa la rangi ya chai kavu hujitokeza ukutani juu ya meko na sebule yote hunuka masizi mabichi. Julai nayo, baridi inapokaza na kuni zikawashwa, moshi hurudi ndani hadi watu wafungue madirisha.

Dohani hiyo ilikuwa imeshatengenezwa mara tatu. Mara ya kwanza doa lilipakwa rangi, likarudi mvua iliyofuata. Doa hilo ni lami ya moshi iliyoyeyushwa na maji, na rangi ya maji haiwezi kulizuia. Mara ya pili lami ya paa ilipakwa kuzunguka mahali dohani inapokutana na vigae. Jua liliikausha, ikapasuka ndani ya misimu miwili. Mara ya tatu dohani nzima ilipigwa plasta ya simiti moja kwa mchanga tatu, kisha ikapakwa rangi ya nje. Kwa macho ilipendeza sana. Hiyo ndiyo kazi iliyoimaliza dohani.

Hapa panahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu kosa hili limerudiwa kwenye nyumba nyingi za zamani kuanzia Kilimani hadi Parklands. Mawe ya kujengea ya Nairobi ni mawe ya majivu ya volkeno. Hunywa maji mvua inaponyesha na kuyatoa jua linapowaka. Jiwe la namna hiyo haliharibiki kwa kulowa, mradi lipate nafasi ya kukauka. Plasta ya simiti nyingi ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui. Moto ukiwaka, jiwe hupata joto na kutanuka. Plasta iliyo nje haitanuki sawa nalo, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Ufa mwembamba hunyonya maji kuliko shimo. Yakishaingia nyuma ya plasta hayana pa kutokea. Jiwe linakaa limelowa miezi mingi, ngozi yake inakuwa unga, na plasta inabaki imesimama kama ganda la yai. Nairobi hakuna barafu ya kupasua mawe kama nchi za baridi. Kinachoua dohani hapa ni kulowa bila kukauka.

Ukaguzi ulianzia juu, jambo ambalo halikuwa limefanywa hata mara moja katika matengenezo yale matatu. Kifuniko cha zege kilicho kileleni kilikuwa na unene wa sentimita nne, kimekatwa sawasawa na ukuta bila kuchomoza, na kimepasuka vipande vitatu. Katikati ya ufa mkubwa ulikuwa umeota mche wa mgumo, urefu wa mkono. Ndege hula tini za mgumo na kuziacha mbegu popote wanapotua, na mzizi wake huingia kwenye ufa ukiwa kama uzi kisha hunenepa humohumo. Kuukata juu hakusaidii, unachipuka tena. Lazima mawe yaondolewe mpaka mzizi uishe.

Plasta ilipogongwa kwa kichwa cha nyundo ndogo, upande wa mashariki wote ulitoa sauti ya debe tupu. Ilipobanduliwa kwenye pembe moja, bisibisi iliingia kwenye maungio ya mawe mpaka kwenye mpini bila kusukumwa kwa nguvu. Upande wa magharibi bisibisi hiyohiyo iligoma baada ya sentimita moja. Upepo wa Nairobi hutoka zaidi mashariki na kaskazini-mashariki na huja na mvua yake, kwa hiyo upande huo ndio uliooshwa mota, yaani mchanganyiko unaounganisha mawe. Timazi ilithibitisha: katika urefu wa mita moja na nusu dohani ilikuwa imeinama milimita 35 kuelekea mashariki, upande uliopoteza mota.

Ndani ya njia ya moshi, tochi ilionyesha plasta ya zamani imebanduka vipandevipande na kuacha mawe wazi. Darini, mbao mbili za kushikilia dari zilikuwa zimepigiliwa misumari zikigusa dohani kabisa, na ncha ya moja imeanza kuwa nyeusi. Hiyo haikuwa kwenye malalamiko ya mtu yeyote, lakini ndiyo iliyokuwa hatari kuliko zote. Plasta ya ndani ikishaanguka na maungio yakishakuwa matupu, hewa ya moto hupenya hadi kwenye mbao.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha meko, na hapo sababu ya moshi kurudi ikajulikana. Njia ya moshi ilikuwa inchi tisa kwa tisa, yaani milimita 225 kwa 225, eneo la sentimita 506 za mraba. Mdomo wa meko ulikuwa umepanuliwa wakati fulani ili upendeze, ukawa na upana wa milimita 900 na kimo cha milimita 700: sentimita 6,300 za mraba. Meko ya wazi huhitaji njia ya moshi yenye eneo la sehemu moja kwa nane hadi moja kwa kumi ya mdomo wake. Hii ilikuwa moja kwa kumi na mbili na zaidi. Tena dirisha la chuma la zamani lilikuwa limebadilishwa na la alumini linalofunga kabisa, na matundu ya hewa juu yake yakazibwa. Moshi haupandi kama hakuna hewa inayoingia chini kuchukua nafasi yake. Plasta ya nje, hata ingepigwa ya dhahabu, isingeugusa ugonjwa huo.

Njia za kuirekebisha dohani zilikuwa tatu. Kutia mota mpya kwenye maungio pekee kulikataliwa, kwa sababu dohani iliyokwisha kuinama hainyooshwi kwa mota, na mawe ya mashariki yalikuwa yameoza sentimita tatu hadi tano kwenda ndani. Kuibomoa hadi chini ya paa na kuezeka juu yake ni uamuzi wa busara kama meko hayatumiki. Kinachotakiwa ni kuacha tundu la hewa juu na chini ili njia iliyofungwa isioze kwa unyevu. Lakini familia hii hutumia meko kila Julai. Ikabaki kubomoa mpaka kwenye jiwe zima na kujenga upya.

Kazi ilipangwa Januari. Miezi ya Januari na Februari ni mikavu, na mota hupata muda wa kukomaa kabla ya mvua za Machi. Juni hadi Agosti pia hakuna mvua nyingi, ila ndio wakati meko yanahitajika. Kuanza Machi ni kucheza kamari na paa lililo wazi.

Jukwaa lilisimamishwa juu ya miguu yake lenyewe, halikufungwa kwenye dohani. Linaonekana jambo dogo, lakini dohani iliyoinama ikifungwa jukwaa inaweza kushuka na watu. Juu ya vigae ililazwa ngazi ya paa yenye ndoano kwenye mgongo, kwani kigae cha Mangalore cha miaka 70 hakibebi kisigino. Vigae vinavyozunguka dohani viliondolewa safu mbili kila upande na kupangwa chini vikiwa na namba za chaki, maana kigae cha zamani kinachofanana hakipatikani kila duka. Mdomo wa meko ulizibwa kwa magunia na ubao, na gunia lingine lililojazwa nyasi likasukumwa ndani ya njia ya moshi chini ya usawa wa kubomoa, likiwa limefungwa kamba ya kulivutia. Bila hilo gunia vifusi vyote hujaa kwenye koo la meko, pale panapobana juu ya mdomo, na kuvitoa huko ni kazi ya siku nzima.

Kabla ya kupiga patasi ya kwanza, sikiliza kama kuna nyuki. Nyumba za Nairobi zenye dohani zisizowashwa muda mrefu ni makao yao wanayoyapenda sana. Wakiwemo, mwite mfuga nyuki awahamishe. Kuwachoma moto humo ndani huacha nta inayowaka baadaye.

Mawe yalishushwa moja moja kwa kamba na kapi. Jiwe moja la inchi tisa kwa tisa lenye urefu wa nusu mita karibu lina zaidi ya kilo 40, na hakuna la kurusha. Katika kozi ya tatu, yaani safu ya tatu ya mawe, kutoka juu ulikutwa ukanda wa chuma uliolazwa kati ya mawe, ule unaotumika kwenye kuta za kawaida. Ulikuwa umevimba kwa kutu mpaka ukalinyanyua jiwe la juu yake milimita sita. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndani ya dohani, penye unyevu na tindikali ya moshi, chuma hakidumu. Ukanda huo una faida kwenye ukuta wa chumba. Kwenye dohani usiwekwe. Kozi nane zilishuka kabla ya kufika kwenye jiwe linalotoa mlio wa kengele linapogongwa. Mahali hapo palikuwa zaidi ya nusu mita chini ya paa, ndani ya dari.

Vifaa havikuwa vingi. Kozi moja ya dohani hii ina mawe manne: kila jiwe lina upana wa milimita 225 na urefu wa 440, na kichwa cha moja hugota ubavu wa linalofuata, kama watu wanne walioshikana mikono kuzunguka shimo. Ukiongeza ungio la milimita 10, upande wa nje unakuwa milimita 675 na shimo la katikati 225 kamili. Kozi tisa ni mawe 36. Mawe huuzwa kwa futi, kwa hiyo ziliagizwa futi 65 za mawe ya mashine kutoka machimbo ya Ndarugo, pamoja na yatakayovunjika, na mwuzaji akaambiwa mapema kwamba zinatakiwa pisi ndefu. Pisi fupi huleta maungio yanayopandana, na ufa hufuata maungio yaliyopandana kama maji yanavyofuata mfereji. Juu ya hayo: mifuko mitatu ya simiti ya kilo 50, mifuko miwili ya chokaa ya kilo 25, mchanga wa mto kama nusu meta kyubiki, kokoto ndogo madebe manne, na matofali ya moto 60, yale yanayostahimili moto.

Chokaa iwe ya kujengea. Kuna chokaa ya shamba inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa bei ya chini. Hiyo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, halijachomwa, na haishiki kitu. Mota yake hukauka ikawa vumbi. Mchanga nao ulipimwa kwa njia ya kawaida: chupa inayoonyesha ndani ijazwe mchanga hadi nusu, iongezwe maji, itikiswe, iachwe saa chache. Tope hutua juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, lori lirudi na mzigo wake.

Pwani mambo ni mengine kidogo, na afadhali kuyasema hapa kwa wenye nyumba Kilifi au Nyali wanaotaka kujenga dohani ya jiko au ya tanuri. Huko adui ni chumvi. Iko kwenye upepo, na mchanga wa ufukweni umejaa chumvi. Chumvi huingia ndani ya jiwe na maji, maji yakikauka inabaki na kukua kama fuwele, na fuwele hizo hulipasua jiwe kutoka ndani. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, na chuma chochote kinachoonekana nje kiwe kisichoshika kutu cha daraja la 316, kwa sababu 304 inayovumilia Nairobi huko hupata madoadoa ya kutu mapema. Nondo yoyote iliyo ndani ya zege ifunikwe na milimita 50 za zege.

Turudi Kileleshwa. Mota ya kujengea ilikuwa simiti moja, chokaa moja, mchanga sita, kwa kipimo cha ndoo na si cha koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tisa si sawa. Chokaa huifanya mota iwe laini kuliko jiwe. Dohani ikitanuka, mota ndiyo ikubali, jiwe libaki. Mota ikichakaa baada ya miaka mingi hutolewa na kutiwa nyingine. Jiwe likichakaa, unarudi mwanzo.

Kila jiwe lililoweshwa kabla ya kulazwa. Jiwe kavu la volkeno hunyonya maji ya mota kwa dakika chache na kuiacha unga usioshika. Ishara ni rahisi kuiona: ukilinyanyua jiwe dakika tano baada ya kulilaza na mota ikabaki yote chini bila kung'ang'ania, jiwe lilikuwa kavu mno. Kozi ya kwanza ilizungushwa upande wa saa, ya pili kinyume chake, na kuendelea hivyo, ili kichwa cha jiwe kisikae juu ya kichwa cha jiwe jingine. Pembe zote nne zilipimwa kwa timazi kila kozi, na mishazari miwili ikapimwa kwa utepe. Ikilingana, dohani ni mraba. Hazikujengwa kozi zaidi ya nne kwa siku. Mota mbichi ikibebeshwa zaidi ya mita moja ya mawe hayo hutoka pembeni, na dohani huinama hata kabla haijazaliwa.

Plasta ya ndani ya njia ya moshi ilipigwa kila baada ya kozi mbili, mkono ukiwa bado unafika. Ni mota ileile iliyochekechwa mchanga wake, unene wa milimita 12, mikono miwili, ikisuguliwa laini ili masizi yasipate pa kushika. Zamani ilichanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na mafundi wa wakati huo hawakukosea, nyuzi zake zilizuia nyufa. Sehemu ya zamani iliyobaki chini, mita moja na kidogo, ilikwanguliwa kwa brashi ya waya na kupigwa upya kabla kozi mpya hazijaanza. Kwa ndani maungio yasiachwe yamechomoza, kwa maana kila mdomo wa mota huko ni rafu ya lami ya moshi.

Kozi hizo tisa zilipomalizika, kilele kilikuwa milimita 700 juu ya mgongo wa paa, ukihesabu na kifuniko. Ile ya zamani ilikuwa milimita 460 hivi. Kanuni inayofaa kushikwa ni kwamba kilele kipite kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu kwa angalau milimita 600. Chini ya hapo upepo unaovuka mgongo wa paa hugeuka na kuusukuma moshi chini. Kozi moja tu iliyoongezwa ilitosha. Upande wa chini wa mteremko dohani imesimama mita 1.67 juu ya vigae, mara mbili na nusu ya upana wake. Ingezidi mara nne na nusu, ingehitaji mhandisi na mihimili.

Sasa kazi ya bati, na hapa ndipo dohani nyingi mpya huanza kuvuja. Mafundi wa Kamukunji walikunja mabati mawili ya chuma kisichoshika kutu, unene wa nusu milimita, kila moja likiwa na shimo la mraba katikati lenye ukingo uliosimama milimita 25. Hayo hulazwa ndani ya maungio, yakikata dohani nzima, ili maji yanayoshuka ndani ya jiwe yakifika hapo yatoke nje badala ya kuendelea hadi sebuleni. Kwa nini mawili? Paa lina mwinamo wa nyuzi 30 hivi, kwa hiyo kati ya uso wa juu na uso wa chini wa dohani paa hushuka karibu milimita 390. Bati moja likiwekwa juu huacha jiwe la upande wa chini likilowa bila kizuizi. Likiwekwa chini pekee, upande wake wa juu unakuwa ndani ya dari. La kwanza liliwekwa pale dohani inapotokeza upande wa chini, na ukingo wake wa upande wa juu ukakunjwa kusimama ili maji yasimwagike darini. La pili liliwekwa kozi mbili juu yake. Kila bati lilipigwa panji kidogokidogo likawa na vipele bila kutoboka, mota ipate kulishika, na likalazwa katikati ya mota, chini na juu. Kwenye uso wa chini wa dohani maungio mawili ya wima, moja juu ya kila bati, yaliachwa bila mota. Hayo ni matundu ya maji. Msaidizi mwenye bidii atataka kuyaziba, aambiwe mapema asiyazibe.

Flashingi, yaani mabati ya kuziba mahali dohani inapokutana na vigae, ilikuwa sehemu nne na si utepe mmoja wa kuzungusha. Aproni mbele, ikilala juu ya vigae milimita 150. Vipande vya ngazi kila ubavu, kila kimoja kikipandiana na cha chini yake milimita 75. Nyuma, upande wa juu, mfereji wa bati wenye upana wa milimita 150, kwa sababu maji yote ya mita ile moja ya paa hugonga hapo na majani ya mti wa jirani hujikusanya hapo. Kila kipande kiliingizwa milimita 25 ndani ya ungio lililochimbwa, kikabanwa kwa kabari za bati, kisha kikafunikwa mota. Bati linaloingia kwenye mota mbichi lilipakwa lami kwanza, maana simiti mbichi huila alumini na hata zinki. Kubandika bati usoni mwa jiwe kwa gundi hakutoshi. Jiwe la volkeno lina vinyweleo, maji hupita nyuma ya gundi.

Kifuniko kilimwagwa papo hapo juu: simiti moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Kina milimita 825 kila upande, yaani kinachomoza milimita 75 pande zote, unene milimita 75 ukingoni na 125 karibu na njia ya moshi, ili maji yateremke. Ndani yake kuna nondo za milimita 8, mbili kila upande. Chini yake, kati ya zege na jiwe, ililazwa karatasi nzito ya lami ili kifuniko na dohani vitanuke kila kimoja kivyake. Kile cha zamani kilishikana na jiwe na ndiyo maana kilipasuka. Mfereji wa matone ulitengenezwa kwa paipu ya umeme ya milimita 20 iliyopasuliwa kwa urefu na kupigiliwa kwenye mbao za chini, sentimita mbili na nusu kutoka ukingoni. Mbao zilipotolewa, nusu paipu ikavutwa, ukabaki mfereji safi. Tone la maji likitembea chini ya kifuniko kurudi ukutani hukutana na mfereji huo, haliwezi kuuvuka, linadondoka. Usipoamini mwagia kopo la maji kifuniko kisicho na mfereji uone ukuta unavyolowa.

Juu ya shimo iliwekwa kofia ya bati yenye miguu minne, nafasi ya milimita 225 chini yake, na wavu wa matundu ya milimita 15 hadi 20. Wavu wa mbu usiwekwe, masizi huuziba ndani ya msimu mmoja.

Ndani, mdomo wa meko ulipunguzwa. Njia ya moshi isingeweza kupanuliwa bila kubomoa ukuta wote wa chini, basi mdomo ndio uliofuata njia. Mashavu mawili ya matofali ya moto yaliyosimamishwa kwa unene wa milimita 114 yalileta upana hadi 672. Kozi mbili zilizolazwa sakafuni ziliinua kitako na kuacha kimo cha 560. Eneo likawa sentimita 3,763 za mraba, na njia ya moshi baada ya plasta ni sentimita 400 na kidogo, karibu moja kwa tisa. Koo liliachwa na kina cha milimita 100. Matofali hayo yalijengwa kwa udongo wa moto, kwani simiti ya kawaida hupoteza nguvu kwenye joto la meko. Tundu la hewa la milimita 225 kwa 150 lilifunguliwa kwenye ukuta wa nje, nusu ya eneo la koo. Mwenye nyumba aliogopa baridi itaingia. Aelezwe wazi: bila tundu hilo, hewa ya sumu isiyo na harufu hubaki chumbani, hasa moto wa makaa unapofifia usiku watu wakiwa wamelala.

Zile mbao za dari zilikatwa zikaachwa milimita 50 mbali na jiwe, na pengo likafunikwa kwa bati, si kwa ubao mwingine.

Dohani ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba, asubuhi na jioni. Kabla ya kugusa doa la sebuleni, paa lilijaribiwa kwa mpira wa maji. Maji huanzia chini kwenye aproni dakika 20, halafu ubavuni, halafu mfereji wa nyuma, mwisho kifuniko, mtu mmoja akiwa darini na tochi. Ukianza juu, maji yakionekana hujui yameingilia wapi. Mara ya kwanza tone lilionekana kwenye pembe ya mfereji wa nyuma, mahali bati mbili zilikuwa zimepandiana milimita 40 badala ya 75. Kipande kilibadilishwa, maji yakarudiwa, pakakauka. Ukuta wa sebule uliachwa wiki sita ukauke, ndipo doa likapakwa mkono mmoja wa rangi ya mafuta ya kuzibia madoa na kisha rangi ya kawaida.

Moto wa kwanza uliwashwa baada ya siku 28: magazeti mawili na vijiti vya kiganja kimoja, saa moja, basi. Siku ya pili vijiti vikaongezwa, na kuni kamili zikangoja siku ya saba. Kuni zenyewe ziwe za mkaratusi au muwati zilizopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita angalau. Ukigonganisha vipande viwili na vikalia kwa ukali, vimekauka. Vikilia kwa uzito, bado vina maji, na maji hayo ndiyo yanayokwenda juu kuwa lami ndani ya plasta mpya.